Kuhamia 4K au Kubaki na Full HD: Mwongozo kwa Mwenye Sinema ya Nyumbani

Picha ya televisheni huundwa na vitone vidogo vya mwanga viitwavyo pikseli. Skrini ya Full HD ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla yake 2,073,600. Skrini ya 4K, ambayo kwenye maboksi huandikwa pia Ultra HD au UHD, ina 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400. Ni mara 4 kamili. Hesabu hii ndiyo inayonadiwa na wauzaji, nayo ni ya kweli, ila haisemi kama mtu aliyekaa kwenye kochi lake ataiona tofauti hiyo. Kuiona kunategemea mambo manne: umbali kati ya macho na skrini, chanzo cha picha inayotazamwa, uwezo wa skrini kuonyesha mwanga na rangi, na vifaa vinavyoipitisha picha hadi kwenye skrini. Mambo haya yakipimwa kwa mpangilio huo, uamuzi hupatikana kabla shilingi haijatoka mfukoni.

Umbali na ukubwa wa skrini

Jicho zima, lile ambalo daktari wa macho huliandikia 6/6, hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya takriban 1/60 ya digrii. Vikikaribiana zaidi ya hapo, huonekana kitu kimoja. Kwa hiyo kila skrini ina umbali ambao pikseli za Full HD huacha kuonekana mojamoja. Mtazamaji aliye nyuma ya mpaka huo hapati kitu kipya pale kila pikseli inapogawanywa kuwa 4, kwa sababu hata zile za mwanzo hakuwa akizitofautisha.

Mpaka huo hupatikana kwa hesabu nyepesi: ukubwa wa skrini kwa inchi huzidishwa kwa 4, na jibu ni umbali kwa sentimita. Kwa TV zinazouzwa sana, majibu ni haya:

- Inchi 32: sentimita 128
- Inchi 43: sentimita 172
- Inchi 55: sentimita 220
- Inchi 65: sentimita 260
- Inchi 75: sentimita 300

Anayekaa mbali kuliko kipimo cha skrini yake hana faida ya maana anayoipata kwa wingi wa pikseli peke yake. Anayekaa ndani ya kipimo huanza kuiona, na faida huongezeka kadiri anavyosogea, hadi kwenye nusu ya umbali huo, ambapo undani wote wa 4K huwa wazi machoni. Kwa skrini ya inchi 55, basi, eneo la kuifaidi 4K ni kati ya sentimita 110 na 220. Mwenye macho makali anaweza kuuvuka mpaka kidogo, na anayehitaji miwani asiyoivaa hataufikia.

Kipimo kichukuliwe kwa tepu ya fundi, kuanzia kwenye macho ya mtu aliyekaa kama anavyokaa siku zote, si kuanzia ukutani wala kwenye miguu ya kochi. Katika sebule nyingi makochi yameegemezwa ukutani na TV iko ukuta wa pili. Chumba kikiwa na urefu wa mita 4, macho hubaki yapata sentimita 330 kutoka kwenye skrini. Kwa umbali huo TV mbili za inchi 55, moja Full HD na nyingine 4K, zikiwa sawa kwa mwanga na rangi, hazitofautishiki. Ili wingi wa pikseli uonekane pale ukutani ingehitajika skrini ya inchi 83 hivi. Mwenye nyumba ana njia mbili: kununua inchi zaidi, au kulisogeza kochi mbele. Njia ya pili haina gharama, na inafaa kujaribiwa kwanza.

Anayetaka hisia ya ukumbi wa sinema, ambapo picha hujaza macho, hukaa karibu zaidi: inchi mara 3, yaani sentimita 165 kwa skrini ya inchi 55 au sentimita 195 kwa inchi 65. Huyo yuko ndani kabisa ya eneo la 4K, na kwake hoja ya pikseli ina uzito.

Picha inatoka wapi

Skrini ya 4K haiwezi kuonyesha undani ambao haumo katika picha iliyoipokea. Hatua ya pili, kwa hiyo, ni kuorodhesha kila kinachotazamwa nyumbani kwa wiki moja, na mbele ya kila kimoja kuandika kimetoka wapi.

Mengi ya matangazo yanayoingia kwa antena au dishi bado huja katika ubora wa kawaida, SD, au katika HD. Picha ya SD ina pikseli 720 kwa 576, jumla 414,720. Ili ijaze skrini ya 4K, kila pikseli moja lazima inyooshwe ifunike nafasi ya 20, na yaliyo katikati hukisiwa na TV yenyewe. Ndiyo maana taarifa ya habari ya chaneli ya SD huonekana imefifia na kingo za maandishi zimechakaa kwenye TV mpya ya inchi 65, ilhali kwenye ile ya zamani ya inchi 32 ilionekana safi. TV haina kasoro; picha ndogo imetandazwa mahali pakubwa. Chaneli za HD hustahimili vizuri zaidi, na TV nzuri za 4K huzikuza kwa ustadi. Vipo pia visimbuzi vinavyoweza kutoa 4K, kama DStv Explora Ultra, lakini uwezo wa kisimbuzi si ahadi ya chaneli. Kabla ya kununua, mtu aulize ni matangazo gani hasa yanarushwa kwa 4K kwenye kifurushi chake, katika nchi yake.

Chanzo cha pili ni intaneti. Netflix hupendekeza kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K na megabiti 5 kwa Full HD. YouTube hupendekeza megabiti 20 kwa 4K. Kiasi cha data nacho hupanda: kwa makadirio ya Netflix yenyewe, saa moja ya 4K inaweza kula hadi gigabaiti 7, wakati HD hula hadi gigabaiti 3. Filamu ya saa mbili ni gigabaiti 14. Kwa nyumba yenye intaneti ya faiba isiyo na kikomo hilo si tatizo. Kwa anayenunua bando la simu, filamu moja inaweza kumaliza bando la mwezi. Kasi ipimwe kati ya saa 2 na saa 4 usiku, wakati majirani nao wanatazama, na ipimwe pale TV ilipo, kwa sababu Wi-Fi inayopita kuta mbili za tofali hufika ikiwa dhaifu. Kasi ya mchana karibu na ruta haithibitishi chochote.

Malipo ya kila mwezi yahesabiwe pia. Netflix hutoa 4K kwenye kifurushi chake cha juu tu, Premium. Kuna pia mtego wa visanduku vya Android vya bei ya chini vilivyojaa sokoni. Vingi havina idhini ya ulinzi wa video inayodaiwa na kampuni za filamu, na matokeo yake Netflix huvipa picha ya ubora wa chini hata kama mteja amelipia Premium, ana faiba ya kasi, na kisanduku kimeandikwa 4K kwa herufi kubwa. Programu iliyo ndani ya TV yenyewe ya kampuni inayotambulika, au kifaa chenye idhini kama Chromecast, Apple TV au Fire TV cha 4K, huondoa tatizo hilo.

Chanzo cha tatu, kilicho bora kuliko vyote, ni diski ya Ultra HD Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2016. Diski moja hubeba hadi gigabaiti 100, na data yake, picha na sauti kwa pamoja, inaweza kufika megabiti 128 kwa sekunde, mara kadhaa ya kile kinachopita kwenye intaneti. Matukio yenye moshi, mvua au umati wa watu, ambayo kwenye intaneti hugeuka mabaka, hubaki safi kwenye diski. Diski hizi hazina msimbo wa kanda, tofauti na DVD, kwa hiyo iliyonunuliwa Uingereza au Dubai hucheza kwenye mashine yoyote ya Ultra HD. Upungufu wake ni upatikanaji: diski na mashine huagizwa kutoka nje mara nyingi, na watengenezaji wamepungua. Oppo iliacha kuunda mashine hizo mwaka 2018 na Samsung ikajitoa mwaka 2019.

Michezo ya video ni chanzo cha nne. PlayStation 5 na Xbox Series X, zote za mwaka 2020, hutoa 4K, na wachezaji wengi hukaa karibu na skrini. Kijana anayecheza kwa mita moja na nusu kutoka inchi 55 ananufaika kuliko mzazi wake anayetazama habari kutoka ukutani.

Orodha ya wiki ikikamilika, jumla yake husema wazi. Saa nyingi zikiwa za kisimbuzi cha SD, TV ya 4K haitabadilisha kinachoonekana, na huenda ikakiharibu. Saa nyingi zikiwa za filamu za mtandaoni, diski au michezo, upande wa 4K unaongezewa nguvu.

Mwanga na rangi: mahali ambapo faida kubwa imejificha

Si kila filamu inayouzwa kama 4K ilitengenezwa kwa 4K. Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015 ilipigwa kwa kamera za 2.8K na kukamilishwa kwa 2K, ambayo ni pana kidogo tu kuliko Full HD, kisha ikakuzwa. Kwa upande mwingine, Lawrence of Arabia ya mwaka 1962 ilipigwa kwenye mkanda wa milimita 65, wenye undani mwingi kiasi kwamba toleo lake la 4K linaonyesha mchanga na nyuso kwa namna ambayo DVD haikuweza kukaribia. Hata hivyo toleo la 4K la Mad Max bado hupita la Full HD kwa uzuri. Sababu yake ni HDR.

HDR ni mfumo unaopanua tofauti kati ya giza na mwanga katika picha. Video ya kawaida huandaliwa kwa ung'avu wa niti 100 (niti ni kipimo cha ung'avu), na kila rangi ya msingi hugawanywa kwa ngazi 256. Video ya HDR10 hugawa kila rangi kwa ngazi 1,024, na filamu nyingi za HDR huandaliwa kwa niti 1,000 au 4,000. Anga la machweo, ambalo kwenye video ya kawaida huwa na mistari ya rangi kama ngazi, hushuka taratibu kutoka njano hadi zambarau. Taa ya gari usiku humeta bila kuufanya mtaa mzima kuwa mweupe. Uso wa mtu mweusi katika chumba chenye mwanga hafifu, ambao kwenye video ya kawaida hupotelea gizani, hubaki na macho, mashavu na jasho lake.

Na hili ndilo la kushikwa kuliko yote: wingi wa pikseli hupotea kwa umbali, lakini HDR haipotei. Ung'avu na rangi huonekana kutoka mita 2 na kutoka mita 5 vilevile. Anayekaa nje ya kipimo cha pikseli bado anaweza kuona mabadiliko makubwa, mradi TV yenyewe iweze kuonyesha HDR.

Kizuizi kiko hapo. Neno HDR kwenye boksi humaanisha tu kwamba TV inaipokea na kuielewa video ya aina hiyo. TV nyingi za bei ya chini hufikia niti 300 hivi, na taa zao za nyuma huwaka skrini nzima kwa pamoja. Zikionyesha HDR, giza hugeuka kijivu na picha inaweza hata kuwa hafifu kuliko ya kawaida. Maswali matatu huonyesha TV ilivyo. Inafikia niti ngapi? Chini ya 600, HDR yake ni ya jina zaidi kuliko ya macho, isipokuwa ikiwa ni OLED. Taa zake za nyuma hufifishwa kwa maeneo, ili upande wa giza uzimike wakati upande mwingine unawaka? Kioo chake ni cha biti 10, yaani zile ngazi 1,024 kwa kila rangi? Muuzaji asipojua, nambari ya modeli huandikwa na majibu hutafutwa kwenye tovuti ya mtengenezaji.

TV za OLED hazina taa ya nyuma kabisa. Kila pikseli huwaka na kuzima yenyewe, kwa hiyo weusi wake ni weusi kweli, na HDR hupendeza hata kwa niti chache zaidi. Zinafaa chumba kinachotiwa giza. Hazifai sana nyumba ambayo TV hushinda kwenye chaneli moja kutwa, kwa sababu nembo ya chaneli na mstari wa habari unaopita chini vinaweza kuacha alama ya kudumu. Sebule yenye madirisha makubwa na mwanga mwingi wa mchana huhitaji zaidi TV ya LED yenye ung'avu mkubwa na taa zinazofifishwa kwa maeneo, hasa za aina ya Mini-LED.

HDR nayo ina aina kadhaa. HDR10 ni ya msingi na hupatikana kila mahali. Dolby Vision na HDR10+ huongeza maelekezo ya ung'avu kwa kila onyesho. HLG, iliyobuniwa na BBC na NHK, ni ya matangazo ya moja kwa moja. Kukosa mojawapo ya hizo za nyongeza si sababu ya kuikataa TV yenye ung'avu mzuri, kwani video ya HDR huonyeshwa bado kwa HDR10.

Vifaa vilivyo katikati

Picha ya 4K husafiri kutoka chanzo hadi skrini kupitia HDMI, na kiungo kimoja dhaifu huishusha picha yote. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 hupitisha 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 ilifikisha 60, na 2.0a ya mwaka 2015 ikaongeza HDR. HDMI 2.1 ya mwaka 2017 hufikisha 4K kwa picha 120, jambo linalowahusu wacheza michezo. Kwa filamu, ambazo huenda kwa picha 24 kwa sekunde, 2.0a inatosha.

Pamoja na toleo la HDMI kuna ulinzi wa hakimiliki uitwao HDCP 2.2. Chanzo, amplifaya na TV vyote vinapaswa kuwa nao. Kimoja kikikosa, picha hushushwa hadi Full HD, au skrini hubaki nyeusi na ujumbe wa kosa. Amplifaya nyingi za sinema ya nyumbani zilizonunuliwa kabla ya mwaka 2014 hazina ulinzi huu. Hilo halimlazimishi mwenye nyumba kuitupa amplifaya yenye sauti nzuri. Kisanduku cha filamu kinaweza kuunganishwa moja kwa moja na TV, kisha sauti ikarudishwa kwenye amplifaya kwa tundu la HDMI lenye alama ya ARC au kwa waya wa sauti wa optiko. Mashine nyingi za Ultra HD Blu-ray pia zina matundu mawili ya HDMI, moja la picha kwenda kwenye TV na jingine la sauti kwenda kwenye amplifaya.

Kwa nyaya, bei si kipimo. Waya wenye lebo ya Premium High Speed hutosha kwa 4K ya HDR kwa picha 60, na wenye lebo ya Ultra High Speed hutosha hata kwa HDMI 2.1. Waya wa mita 2 wenye lebo sahihi na uliopakwa dhahabu hautoi picha bora kuliko wa mita 2 wenye lebo hiyohiyo usio na dhahabu. Tatizo huanza waya unapokuwa mrefu, hasa unaopitishwa ndani ya ukuta au dari kwenda kwenye projekta. Hapo ununuliwe wa optiko, na ujaribiwe kabla fundi hajapiga plasta.

Umeme nao uingie kwenye bajeti. Palipo na umeme unaopanda na kushuka, TV guard au stabilaiza nzuri ni sehemu ya bei ya TV.

Wenye projekta

Kwa projekta hesabu hugeuka. Skrini ya inchi 100 ina mpaka wa sentimita 400, na watazamaji wengi wa projekta hukaa mita 3 hadi 3.5. Hao wako ndani ya eneo la 4K, na ndio wanaoona wingi wa pikseli kuliko wengine. Kinyume chake, HDR kwao ni hafifu, kwa kuwa mwanga wa taa moja hutandazwa kwenye eneo kubwa na hauwezi kufikia ung'avu wa TV.

Projekta nyingi ndogo zinazouzwa kwa bei ya kuvutia huandikwa kwamba zinakubali 4K. Maana yake ni kwamba zinaipokea video ya 4K na kuipunguza hadi uwezo wao halisi, ambao mara nyingi ni pikseli 1,280 kwa 720 au pungufu. Kinachotakiwa kuulizwa ni idadi ya pikseli halisi za projekta. Nyingine, zinazotumia chipu za DLP za Texas Instruments, zina kioo chenye pikseli za Full HD kinachotikiswa kwa kasi hadi kila moja itue mahali 4. Hizo hutoa picha inayokaribia sana 4K kamili kwa bei ndogo zaidi, na ni chaguo la haki.

Dukani

TV za dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, huonyesha video zilizotengenezwa mahususi kupendeza: maua, samaki wa rangi, miji ya usiku. Huwekwa kwenye mpangilio wa rangi kali, Vivid, chini ya taa kali. Picha hiyo haitaonekana nyumbani. Mnunuzi aende na vitu viwili: tepu, na flashi yenye filamu anayoifahamu vizuri, hasa yenye tukio la usiku. Asimame kwa umbali uleule wa kochi lake. Aombe mpangilio wa Cinema, Movie au Filmmaker Mode. Aombe pia kisimbuzi kiunganishwe, atazame chaneli anayoitazama kila siku. Kama kuna TV ya 4K yenye intaneti, afungue YouTube, achague video ya 4K, kisha aishushe hadi 1080p kwa kitufe cha ubora bila kusogea. Asipoona tofauti, amepata jibu kuhusu pikseli, na lililobaki ni HDR.

Boksi lisomwe kwa makini. Neno Ultra HD au 3,840 × 2,160 liwepo kwenye maelezo ya skrini yenyewe, si kwenye maelezo ya video inazoweza kucheza. Kwa TV iliyoingizwa kutoka Ghuba, iulizwe ni wakala gani wa hapa anayekubali waranti yake, na jibu liandikwe kwenye risiti.

Kuhusu 8K, yenye pikseli zaidi ya milioni 33, hakuna haja ya kuisubiri. Ili undani wake uonekane, hesabu ni inchi mara 2: sentimita 150 kutoka TV ya inchi 75. Familia haikai karibu kiasi hicho.

Baada ya kununua

Watu wengi hununua 4K na kuendelea kutazama Full HD bila kujua. TV nyingi huja na matundu ya HDMI yakiwa yamefungwa kwenye uwezo wa chini, na lazima yafunguliwe kwenye mipangilio. Samsung huita sehemu hiyo Input Signal Plus, LG huiita HDMI Deep Colour, na Sony Enhanced Format. Huwashwa kwa kila tundu peke yake. Baada ya hapo, ubora wa kutazamia uwekwe wa juu kwenye akaunti ya Netflix, mpangilio wa picha uwe wa filamu, na kulainisha mwendo kuzimwe, kwani hugeuza filamu kuwa kama tamthilia ya studio. Kitufe cha taarifa kwenye rimoti, katika TV nyingi, huonyesha kama kinachoingia ni 3840 × 2160 na kama HDR inafanya kazi.

Uamuzi

Mwenye Full HD nzima ya inchi 43 au chini yake, anayekaa mita 3 na kutazama kisimbuzi zaidi, abaki nayo. Fedha ambayo angenunulia TV ya 4K italeta furaha kubwa zaidi ikiwekwa kwenye saundiba au spika, kwa sababu spika za TV nyembamba ndizo kiungo dhaifu katika sebule nyingi, na sauti haitegemei chaneli kuwa ya 4K. Ikibaki, iongezwe kwenye intaneti.

Mwenye faiba, anayetazama filamu za mtandaoni au kucheza michezo, na ambaye hesabu ya inchi mara 4 inamweka ndani ya mpaka, ahame. Mwenye projekta ya inchi 100 na zaidi anayekaa ndani ya mita 4 naye ahame, ila asitarajie mengi ya HDR.

Mwenye TV iliyoharibika na anayehitaji nyingine ya inchi 50 na kuendelea hana swali: anunue 4K, kwani kwa ukubwa huo Full HD mpya zimekaribia kutoweka madukani. Swali lake ni ipi. Kwa bajeti ileile, kati ya TV kubwa yenye niti 300 na ndogo kidogo yenye niti 800 na taa zinazofifishwa kwa maeneo, achukue ile ndogo. Pikseli zipo kwenye TV zote mbili. Mwanga na rangi, vinavyoonekana kutoka kila kiti cha sebule, viko kwenye moja tu.